Ngawa kauawa, vifaranga bado wanapotea

Binti_Bambi aliuliza:

Assalaamu alaykum wanajukwaa. Mie nipo Bambi, Unguja. Nafuga kuku wa kienyeji, na mwaka huu nimezidisha matetea kwa sababu mayai yanapata soko zuri. Usiku wanalala bandani: ukuta wa mawe na udongo unafika kiunoni, juu yake waya wa kuku, paa la makuti. Mchana nawaachia wapekue kwenye migomba na muhogo.

Baada ya masika niliamka nikakuta kuku wawili wamekufa ndani ya banda. Wote wameumwa shingoni. Mmoja kaliwa kifua, wa pili hakuliwa hata kidogo. Jirani akatega kwenye njia inayotoka maweni, akanasa ngawa dume mkubwa, akamuua, na sote tukashukuru. Lakini hali haikubadilika. Vifaranga wanapotea mchana kweupe. Kuna kuku anatagia chini ya mfenesi, mayai yake nakuta maganda tu yametapakaa kando ya jiwe. Na juzi usiku ameuawa tetea mwengine bandani.

Sasa kila mtu ana lake. Jirani anasema yule ngawa alikuwa na jike, tutie sumu kwenye dagaa tumalize kizazi. Mwengine ananiambia nitundike taa. Shangazi yangu anasema ngawa huyu katumwa, maana mbona kwa jirani haendi, na kuku anao? Naomba kwa mwenye kuzijua tabia za wanyama hawa: nani anayenila, na nimzuie vipi? Kuku hawa ndio madaftari na sare za skuli za wanangu.

Pwani_Mchangani alijibu:

Pole dada. Mie ushauri wangu ni wa jirani yako. Dagaa wa maji ya chumvi, sumu kidogo, weka jioni, asubuhi okota mizoga uzike. Wanyama hawa ukiwachekea watakumalizia banda. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya.

MtotoWaMsasi alijibu:

Wa alaykumu ssalaam mwanangu, na pole sana. Kwanza mwambie jirani hiyo sumu aiweke chini, sababu nitakueleza mbele.

Marehemu baba yangu alikuwa msasi, upande wa Muyuni na Kitogani, akitoka na mbwa na nyavu. Mie mwenyewe nafuga kuku Mgeni Haji tangu nilipoolewa. Kwa hiyo wanyama hawa nimelelewa kwenye habari za kuwafuata, kisha nikaishi kwenye kazi ya kujikinga nao. Na kwa uliyoyaeleza, huna mwizi mmoja. Unao wawili, huenda watatu, na kila mmoja ana saa yake na mlango wake. Yule ngawa mliyemuua inawezekana hata kuku wako hajapata kumwonja.

Tuanze na usiku. Kuku wawili wamekufa, mmoja ndiye aliyeliwa. Watu wakiona hivyo husema mnyama ana roho mbaya, au katumwa. Tazama anavyowinda huko nje. Akimrukia ndege mmoja, waliobaki wanaruka, wanakwenda zao, na yeye anabaki na alichokamata. Ndani ya banda kuku hawana pa kwenda. Wanapiga mbawa, wanagongana, wanapiga mayowe, na kila kinachopapatika mbele ya macho yake kinamwita akikamate. Ataua mpaka patulie. Basi wingi wa waliokufa haukwambii kuwa wanyama walikuwa wengi wala kuwa mnyama ni mkubwa. Unakwambia tu kwamba aliingia ndani na kuku walifungiwa naye.

Sasa kaingilia wapi? Ngawa ni wa chini. Anapita njia ileile usiku kwa usiku, na choo chake kipo mahala palepale, ukikikuta utaona kokwa za mapera, mbegu za mapapai, magamba ya jongoo, manyoya ya panya. Anakula karibu kila kitu, na matunda yaliyoanguka anayapenda kweli. Kupanda si kazi yake. Kwa banda lako angelazimika kufukua chini ya ukuta au kusukuma mlango, na wewe hukusema kama pamefukuliwa. Kanu ni habari nyengine. Kanu, ambaye huku kwetu kusini wengine humwita uchui, ni mwembamba, mrefu, mkia una pete, anatembea juu ya fito na boriti bila kutikisa kuti, na pale kinapopita kichwa chake na kiwiliwili kinapita. Makuti yaliyolegea pembeni mwa paa, pale yanapokutana na waya, ndipo mlangoni kwake. Mie namshuku huyo. Lakini usiniamini kwa maneno. Chukua jivu la jikoni, lichekeche, litandaze kuzunguka ukuta na uweke pia kwenye kipande cha ubao juu ya ukuta chini ya paa. Asubuhi tazama. Nyayo za paka na za kanu hazina alama ya kucha. Nyayo za nguchiro kucha zinachora mbele ya vidole.

Nimekutajia nguchiro kwa sababu hayo mayai ni kazi yake, na hapa nina hakika. Panya hula yai hapohapo kiotani. Kunguru hulibeba. Nguchiro hulikumbata yai kwa mikono ya mbele, anaelekeza mgongo kwenye jiwe, analirusha nyuma kupitia katikati ya miguu yake mpaka linapasuka. Atalirusha na kulirudia hata mara ngapi. Ndiyo maana maganda yako yapo kando ya jiwe. Na huyu ni wa mchana. Ngawa na kanu wa usiku, nguchiro wa mchana, kwa hiyo mtego wa usiku njiani ungekaa mwaka mzima na vifaranga wangeendelea kupungua.

Lakini vifaranga wana maadui wengi, wa juu na wa chini. Wa kukwambia ni nani ni kuku mwenyewe. Chukua kibao, kaa karibu na mfenesi asubuhi umande unapokauka, usifanye lolote, usikilize. Kuku ana vilio viwili vya hatari na havifanani kabisa. Akimwona mwewe, hutoa sauti moja ndefu, nyembamba, ya kukwaruza, kisha kimya. Hapohapo vifaranga wanajibanza chini ya jani au chini ya mbawa zake, na hakuna anayetikisika. Hata yeye mwenyewe anainamisha kichwa upande mmoja na kutazama juu kwa jicho moja. Akimwona mnyama wa chini, hulia ko-ko-ko-koo kwa mfululizo, shingo ameinyoosha, anatembea hatua za wasiwasi huku anamkabili yule mnyama, na jogoo anaitikia, mwishowe kiambo kizima kinapiga kelele. Kilio cha kwanza ni cha kujificha, cha pili ni cha kumjulisha adui kuwa ameonekana. Ukivishika vilio hivi viwili, hata ukiwa jikoni unapepeta mchele utajua utoke na kutazama juu au utoke na fimbo.

Sasa kuhusu sumu, na hili naomba ndugu yangu wa Mchangani anisikilize bila ya kukasirika. Dagaa wenye sumu hawana jina la mlaji. Watakula paka, watakula kuku wenyewe, mtoto anayetambaa ataokota. Mnyama akilamba kidogo akaumwa tumbo na kupona, hagusi tena chakula cha harufu ile, basi umemfundisha. Na ngawa anayekufa ndiye aliyekuwa akila panya wa ghala lako. Mie ninaloliomba Bambi, Mchangani na kote, tuache kumwaga sumu mashambani. Napata uchungu hasa kila nikisikia habari hii.

Msomi_Kizimbani alijibu:

Nimesoma kwa makini aliyoyaandika Bi MtotoWaMsasi na nina la kuongeza kuhusu huyo "jike la ngawa". Ngawa hawatembei kwa jozi. Ni mnyama wa peke yake, dume na jike hukutana kwa ajili ya kuzaa tu. Kwa hiyo hakuna mjane anayelipa kisasi.

Lakini swali la kwa nini kuua hakumalizi limechunguzwa sana kwengine, zaidi kwa koyoti wa Marekani, mnyama wa jamii moja na bweha, naye huua kondoo. Makumi ya maelfu ya koyoti huuliwa kule kila mwaka na idara ya serikali, na juu ya hivyo amezidi kutanuka. Zamani alikuwa wa nyanda za magharibi, leo yupo karibu katika kila jimbo la bara la nchi ile. Eneo lenye chakula ni kama baraza penye kahawa, akiinuka mmoja anakaa mwengine.

Kuna utafiti uliofanywa katika miaka ya 1990 kwenye kituo cha kondoo cha Hopland, California, ambao mimi naona kila mfugaji angeujua. Walikuta kuwa wauaji wa kondoo hasa ni wale koyoti wenye maeneo yao, wanaozaa na kulisha watoto. Na hao hao ndio wagumu kunasa ndani ya maeneo yao, kwa sababu wanakijua kila kichaka, na kitu kigeni kikiwekwa wanakiona. Waliokuwa wakinaswa kwa wepesi ni vijana wasio na makao na koyoti waliotoka nje ya mipaka yao. Maana yake mtego ulikuwa ukitoa mizoga, mfugaji anafurahi, na muuaji yupo palepale. Huko Utah wakajaribu njia nyengine: waliwafunga kizazi koyoti wenye maeneo na kuwaacha. Wakaendelea kulinda mipaka yao dhidi ya wageni, lakini kwa kuwa hawakuwa na watoto wa kulisha, waliua wana-kondoo wachache zaidi.

Sisemi tuwafunge kizazi ngawa wa Bambi. Nasema mtego uliowekwa njiani humkamata mpita njia, na hatujui kama mpita njia ndiye mwizi.

Kuhusu taa, inategemea. Richard Turere, kijana wa Kimasai wa Kenya, alipokuwa mtoto akilinda ng'ombe wa babake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aliona kuwa simba walilizoea sanamu la kuwatisha lililosimama pahala pamoja bila kutikisika. Akitembea na tochi, wanakwenda zao. Akaunganisha taa zinazowaka kwa kupokezana, ikawa kana kwamba mtu anazunguka zizi. Kwa hiyo dada, taa moja ya kudumu mlangoni itakusaidia wewe kuona, lakini mnyama wa usiku ataizoea.

Na kule Botswana, kando ya Okavango, walichora macho kwenye makalio ya ng'ombe, kwa sababu simba huvizia na akihisi ameonekana huacha. Matokeo yalitolewa mwaka 2020: kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuna aliyeuawa na simba katika miaka minne, na kati ya 835 wasiochorwa chochote waliuawa 15. Haya hayatakufaa kwa kanu aliyekwisha kuingia bandani. Nimeyaleta kwa sababu yanaonyesha kazi imeanzia kwenye kujua mnyama anawindaje.

Fuoni_Kuku alijibu:

Mie nasemea kunguru, maana huku Fuoni ndio janga letu na sitashangaa dada wa Bambi akiwa naye pia kwenye orodha.

Hawa wa shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa kutoka India katika miaka ya 1890 wasafishe taka za mji. Kwa kuku wana mchezo wao: mmoja anatua nyuma ya mama kuku anamvuta mkia, mama anageuka kwa hasira kumfukuza, wa pili anashuka anabeba kifaranga. Nimeuona uani kwangu, yule wa nyuma hana haja na mkia, anamtazama mwenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zanzibar ilifanya kampeni kubwa ya kuwapunguza, na ilifanikiwa kwa sababu iliwasoma tabia. Waliweka matundu makubwa ya waya yenye kunguru hai ndani, maana kunguru hushuka bila wasiwasi penye wenzake wanaokula. Na sumu iliyotumiwa na wataalamu ni ya taratibu, ndege anakwenda kufia malaloni, si kwenye chambo. Angekufa palepale, wenzake wangepaona na wasingepagusa tena. Kampeni iliposita walijaa upya, na majaa ya taka ndiyo yaliyowalisha.

Tena anakukumbuka sura. Huko Seattle, Marekani, watafiti walianza mwaka 2006 kuvaa kinyago wakati wa kukamata kunguru wa kule, na miaka baadaye kila aliyevaa kinyago kile alizomewa, hata na ndege ambao hawakuwa wamekamatwa. Kunguru wa kule ni wa aina nyengine, lakini wangu hapa wananijua: nikitoka na manati hayupo, akitoka mama mkwe wanatua.

Linalonisaidia ni rangi. Vifaranga wakitoka tu nawapaka rangi ya chakula, nyekundu au kijani, mgongoni na mbawani. Kunguru na mwewe hukiogopa kitu wasichokizoea. Lakini badilisha kila kundi, kwa sababu kundi moja la rangi ileile likikaa sana wanalizoea. Mzoga wa kunguru ukitundikwa juu ya mti nao unawafukuza, ila kwa siku chache, ukishakauka wanautulia juu. Baada ya hapo ni tenga tu: vifaranga wakae ndani ya tenga kubwa mpaka waote manyoya ya mbawa, mama yao nje au ndani.

Mzee_Makunduchi alijibu:

Nimeona neno la shangazi kuwa ngawa katumwa. Naomba niseme kidogo, mie nimeishi zama za chui.

Chui alikuwa akichukua mbuzi wa nyumba hii na kuipita ile. Watu wakasema ana mwenyewe, anafugwa, anatumwa kwa mwenye husuda. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikapita kampeni kisiwa kizima, ikiongozwa na mganga aliyeitwa Kitanzi, ya kuwatafuta wachawi na kuwaua chui kwa pamoja. Chui wakapungua mno. Leo anayetaka kumwona chui wa Unguja anamkuta amekaushwa makumbusho, mjini.

Nyumba iliyopitwa na chui ilikuwa ikiwalaza mbuzi ndani, au ilikuwa mbali na kichaka. Wala hapakuwa na siri. Binti, kamwangalie jirani yako analazaje kuku wake, kisha mwambie shangazi, kwa adabu.

Binti_Bambi alijibu:

Nawashukuru nyote, Mwenyezi Mungu awalipe. Mzee, nimekwenda kwa jirani. Paa lake ni la mabati, limekaa juu ya ukuta bila nafasi, na banda lipo katikati ya uwanja anaoufagia kila siku. Langu limeegemea ukingo wa kichaka, na kuna mpera ambao tawi lake linagusa makuti.

Jivu nimetandaza kama alivyosema Bi MtotoWaMsasi. Chini kuzunguka ukuta sikuona chochote ila nyayo za kuku na za panya. Juu ya ubao, chini ya paa, nilikuta nyayo ndogo za mviringo, hazina kucha, na kuti moja la pembeni limesukumwa kwa ndani, lina nywele za kijivu zenye madoa meusi. Nadhani jibu la usiku nimelipata.

Mchana nimekaa. Asubuhi kuku alilia ko-ko-ko akiukabili upande wa lundo la makuti makavu tuliloliacha nyuma ya choo, jogoo akaitikia, na nikamwona mnyama mwekundu mwembamba, mkia umeishia na weusi, anaingia chini ya lundo. Na mchana wa jua kali kunguru nao wamepita, mmoja nimemkuta na kifaranga mdomoni. Kwa hiyo watatu, kama ulivyosema Bi.

Sasa naomba mnielekeze kwa kazi. Waya gani, na nianze wapi? Nguchiro nifyeke shamba lote? Na jirani bado ameishika sumu yake.

MtotoWaMsasi alijibu:

Umefanya kazi nzuri mno, hata baba angekusifu.

Anza na paa, leo kabla ya adhana ya Magharibi. Likate lile tawi la mpera. Kanu hataruka kutoka chini ikiwa njia yake ya juu imekatika, au angalau atalazimika kutafuta njia mpya na wewe utaziona alama. Kisha upige waya kwa ndani, chini ya makuti, ufunike dari yote na ushuke mpaka ukutane na ukuta. Usitumie waya wa kuku wa matundu makubwa, huo unamzuia kuku asitoke tu. Nunua wa mraba wa nusu inchi. Penye maungio pishanisha vipande na ushone kwa waya mwembamba, maana kanu hupapasa ukingo wote mpaka apate palipolegea.

Chini, hata kama ngawa hakufukua, jilinde mapema. Watu wengi huchimba handaki na kuuzika waya wima, kazi kubwa. Mie nautandaza bapa juu ya ardhi nje ya ukuta, upana wa futi moja na nusu, nikauweka mawe na udongo juu. Mnyama anayefukua huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Anafika ukutani, anachimba, anakuta waya chini ya miguu yake. Hafikirii kurudi nyuma futi moja na nusu akaanzia pale. Atasogea upande, achimbe tena palepale ukutani, mpaka achoke.

Nguchiro, usifyeke shamba. Huyu hapendi kuvuka uwanja mtupu, anatembea kwa kujificha kutoka lundo hadi lundo, kwa hiyo liondoe lile lundo la makuti, na fyeka ukanda wa hatua kumi hivi kuzunguka banda na mfenesi. Lakini ukifyeka kila kitu, vifaranga hawana pa kujificha kuku anapotoa kile kilio cha mwewe, na kunguru watashangilia. Ndani ya ule uwanja weka vibanda vidogo vya makuti juu ya vigingi vifupi, urefu wa goti, pande zote wazi. Kifaranga anajitupa chini yake mara moja, na nguchiro hawezi kujificha humo kwa kuwa pako wazi. Na hayo matenga na rangi alizosema mwenzetu wa Fuoni, fuata.

Mayai: kuku anatagia pale alipoona mayai. Weka kwenye kiota cha ndani mawe mawili meupe ya mviringo, ukubwa wa yai, na umfungie huyo mtagaji wa mfenesini bandani mpaka saa tano asubuhi kwa siku kadhaa. Wengi wao hutaga asubuhi. Akishatagia ndani atarudi mwenyewe. Nguchiro akija chini ya mfenesi akakuta hapana kitu, atapita tena na tena, kisha atapaacha. Lile jiwe nalo liondoe.

Jirani, mchukue umwonyeshe nywele ulizoziokota kwenye kuti na ubao wenye nyayo. Mwambie mlaji anapita juu ya paa, na dagaa wake watakaa chini, watakaokula ni paka wake na kuku wako. Akiwa na waya uliobaki au mikono ya kusaidia kupandisha dari, muombe hivyo badala yake. Mwenye hamu ya kupambana mpe kazi.

Binti_Bambi alijibu:

Tawi limekatwa. Jirani kaja mwenyewe na nyundo, nyayo alizitazama muda mrefu. Waya wa nusu inchi tumeuulizia Mwanakwerekwe, upo, kesho mume wangu anauchukua. Kwa usiku wa leo kuku wote nimewaingiza jikoni.

MtotoWaMsasi alijibu:

Vizuri. Jikoni funga dirisha. Na jivu usiache kulitandaza juu ya ubao hata baada ya waya, kwa sababu atarudi, amezoea. Akikuta pamefungwa utaona nyayo zimekwenda na kurudi ukingoni. Zifuate mpaka pale zilipokaa sana, hapo ongeza mshono.